Taa za Mchana za Prado ya Donatus

Dorika alikuwa amelala chali chini ya Prado, pembeni ya soko la Nyasubi, akipitisha waya nyuma ya bampa, mwenye gari aliposema tena kwamba anataka taa zisizozimika. Dorika akatoa kichwa.

"Bosi, taa za mchana huwaka gari likiwashwa. Likizimwa, nazo zinazimika. Ndivyo zinavyofungwa."

"Mama Loveness, likiwa limezimwa nani ataniona? Funga moja kwa moja kwenye betri."

"Betri itakufa."

"Kwani betri ni yako?"

Mteja ni mfalme, na huyu, Donatus, alikuwa na maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu na shati jeupe lisilojua vumbi ni kitu gani. Dorika alikuwa na kila sababu ya kumfukuza. Mumewe, Luka, alikuwa akichimba kwenye duara la Donatus mvua za vuli zilipoanza. Duara likatitia, na Luka hakurudi nyumbani. Donatus alisema Luka alikuwa ameshapanda juu, akaenda zake Chunya na mwanamke, kisha akaamuru duara lifukiwe. Wenzake Luka walipoulizwa walitazama viatu vyao, maana kazi bado waliitaka. Dorika hakuliamini hata neno moja. Lakini mwanawe, Loveness, alipaswa kula, na fundi anayechagua magari hulala njaa.

Akafunga waya mwekundu kwenye betri na mweusi kwenye bodi. Taa zikawaka, nyeupe, nyembamba, na ardhi iliyokuwa mbele ya gari ikaonekana mpaka ndani, kama mtu anavyoona chini ya ndoo ya maji. Kulikuwa na vizibo vya soda, ndala moja ya mtoto, mizizi ya mwarobaini, na bomba lililopasuka. Chini zaidi kulikuwa na mwamba.

Scolastika, muuza maharage wa jirani, aliinama akatazama. "Kumbe limepasukia hapa," alisema. "Ndiyo maana maji hayanifikii." Akarudi kwenye jiko lake.

Donatus aliutazama ule mwamba, kisha akamwambia Dorika apande, waende Nyarugusu, waya zisije zikalegea njiani. Dorika hakungoja kuambiwa mara mbili.

Machimboni Donatus alijitahidi kulikwepa lile duara lililofukiwa, lakini hakukuwa na nafasi ya kugeuzia gari, na taa humulika zinakoelekea. Chini, katikati ya matimba, magogo ya kuegemeza kuta, yaliyovunjika, Luka alikuwa ameketi ameegemea mwamba, nyundo mapajani, ndevu zimemfika kifuani. Aliinua kichwa akawatazama. Moyo wa Dorika ulifurahi kwanza, ndipo ukauma. Hakuachwa. Huyo hapo, na hakuna mwanamke wa Chunya wala wa kwingine kokote.

"Luka!" aliita. Luka akainua mkono.

"Mchimbueni," Dorika akawaambia wachimbaji waliosogea.

Alikuja Masalu, msimamizi wa maduara, Msukuma mtu mzima mwenye sauti ya upole. "Mwangaluka, mayu," alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma, na Dorika akaitikia. Masalu akatazama chini kwa makini, akatikisa kichwa.

"Alipokuwa haonekani hatukuchimba, kwa sababu hatukujua yuko wapi. Sasa anaonekana. Mtu anayeonekana hajapotea, mayu. Na tukichimba hapo, maduara ya jirani yote yatatitia. Mwangalie, si amekaa vizuri?"

Wachimbaji walikubali kwamba amekaa vizuri. Donatus hakuomba radhi, na habari za Chunya hazikutajwa tena, si naye wala na mtu mwingine. Yeye alikuwa akitazama kushoto kwa Luka, ambako mkanda wa mwamba mweupe wenye dhahabu ulipita na kuelekea mbali naye. Kesho yake duara jipya likaanza kuchimbwa kuufuata mkanda huo, na gari halikuondoka tena pale.

Dorika akapewa chumba cha mabati awe karibu na betri. Donatus aliagiza taa zisizimike hata kufumba na kufumbua, kwa hofu kwamba zikiwashwa upya zitakuwa taa za kawaida kama za watu wengine. Kwa hiyo kila mara Dorika aliunganisha betri iliyojaa kwanza, ndipo akaiondoa iliyochoka. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Alikwenda Ushirombo kwa padri kuomba misa. Padri akauliza kama Luka anapumua. Dorika akasema hapumui, ila anaitikia salamu. Padri akafikiri, akasema misa ya marehemu haisomwi kwa mtu anayeitikia salamu. Wakwe nao wakasema hivyohivyo, wakakataa kuweka matanga. Dorika hakuwa mjane, wala mke hakuwa. Jioni alipika, akala na mwanawe kando ya gari, na Loveness akasimama mbele ya taa kumwonyesha baba yake sare mpya ya shule. Luka alitabasamu.

Siku moja Luka alikutanisha viganja, akaviweka shavuni, akafumba macho. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye taa.

Dorika alielewa, na kuelewa kulimchoma. Mwanga unaopita kwenye mwamba hauzuiliwi na kope wala viganja. Tangu gari lilipoegeshwa pale, Luka hakuwa amelala.

Alifungua boneti akashika fyuzi. Kuichomoa ilikuwa kazi ya vidole viwili. Mkanda wa Donatus ungepotea, shauri lake. Luka angelala. Na udongo ungekuwa udongo tena, labda siku zote.

Akatazama chini. Luka alikuwa ameshafumba macho na kuinamisha kichwa, akingoja giza.

Dorika aliishusha boneti polepole, isitoe mlio. Akapiga magoti juu ya kifusi.

"Vumilia, Baba Loveness," alisema. "Bado sijakutazama vya kutosha."

Luka akafumbua macho. Taa zilikuwa zimeanza kufifia kidogo. Dorika akainuka, akaenda kuleta betri nyingine.