Zamu ya Kubeba Uchungu wa Mbithe

Jumanne asubuhi akina mama wa mwethya walikuwa wakichimba matuta kwenye shamba la Mbithe, huko Kola, naye Mbithe amekaa kando akimenya mbaazi. Mwethya ni kazi ya zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na asiyefika anasemwa hadi ajute. Lakini Mbithe hakuwa na goti la kusimamia jembe. Jiwe lililorushwa na baruti ya machimbo ya mawe lilitoboa bati la jikoni, likamkuta anakoroga uji, na tangu siku hiyo uchungu ulimnyima usingizi.

"Mama Muema, mbona unakaa na huo uchungu peke yako?" Mutheu, mwenyekiti wa kikundi, akamuuliza Mbithe. "Si tuuingize kwa mwethya?"

Wakakubaliana. Uchungu ukatoka kwenye goti la Mbithe, ukaingia kwenye la Mutheu, naye akakaa chini taratibu, akaomba jembe lake lisogezwe. Hakuna aliyeshangaa. Kilichozua kelele ni nani atafuata, maana Ndanu, mmoja wao, alikuwa na harusi Jumamosi.

Mbithe alilala fofofo, na asubuhi akawachemshia wote chai ya maziwa.

Mutheu ni Mkatoliki. Alichechemea mchana kutwa akiutoa uchungu ule kwa ajili ya roho za toharani, ili usipotee bure. Ndanu, wa kanisa la ng'ambo ya mto, alisema haya ni majaribu kama ya Ayubu, akavumilia kwa kuimba, ila nyimbo zenyewe aliziimba mbiombio. Mwelu, mkongwe kuliko wote, alisema kuna mtu amewakosea wazee waliotangulia. Akawamwagia uji kidogo chini, kisha akachechemea vilevile. Musili, mwalimu wa sekondari, alikuja kushika zamu ya mkewe. Yeye huwafundisha wanafunzi kwamba ubaya si kitu, ni pale tu wema unapokosekana, kama giza pasipo na taa. Alirudi nyumbani akishikilia hoja yake na goti lake pia.

"Si kitu, mwaitu, mama yangu," alimwambia Mbithe kesho yake, "lakini niwekee maji ya moto."

Walibishana sana, na Mbithe alipenda kuwasikiliza. Hakujua nani yuko sahihi. Alichoona ni kwamba kila mmoja, akishamaliza kueleza, alinyoosha mguu aupokee. Alikuwa na furaha, na aliionea haya kidogo, kwa kuwa ilitokana na kuchechemea kwa wenzake.

Jambo moja tu lilimkera. Baruti iliendelea kulipuliwa. Alitaka mwenye machimbo, Bwana Bartholomew, abebe zamu moja tu, ausikie uchungu mwenyewe, apate kuihamisha baruti mbali na nyumba za watu. Kwa hiyo Bartholomew alipokuja kumjulia hali na mikate na sukari, Mbithe akamwomba.

"Hiyo ni kitu kidogo, mama," akasema Bartholomew. "Hata mimi niko na imani. Kila kitu Mungu ako na sababu yake."

Uchungu ukapanda pikapu pamoja naye. Mbithe akashinda mlangoni, roho mkononi.

Jioni Bartholomew akapiga simu. Alikuwa amekula vizuri, amekagua mawe, amepanda ngazi bila shida. Hakusikia chochote. Labda umeisha, akasema, Mungu ashukuriwe. Haukuwa umeisha. Ulizunguka mwili wake wote ukitafuta pa kuingia, ukakosa, ukarudi kwa miguu, ukafika kwa Mbithe umejaa vumbi. Mbithe akaufungulia mlango. Akalia, kwa hasira zaidi kuliko maumivu, kisha akausogezea goti.

Hakukaa nao sana. Kabla jua halijapanda, Mutheu alikuwa uani, jembe begani, mguu mmoja mbele.

"Leta," akasema.

Mchana baruti ikalipuka. Akina mama wakashika sufuria zisianguke. Vumbi likatua juu ya muthokoi wao wa mahindi na maharagwe, wakaliengua kwa mwiko, wakala.