Aliyeharibu Gari

Mama Pindo alikuta jina lake limefutwa. Tena halikufutwa kwa kitambaa kama watu wastaarabu wanavyofuta. Lilifutwa kwa kiganja, upesi upesi, mithili ya mtu anayempangusa mtoto kamasi, likaacha wingu jeupe la chaki kwenye ubao wenye orodha ya watakaotahiniwa udereva siku ya Alhamisi. Kando ya wingu hilo yaliandikwa maneno mawili: Kaharibu gari.

Aliyasoma mara mbili. Macho yake yalikuwa yamegoma kuona tundu la sindano, na ndiyo maana fundi cherehani huyu wa miaka arobaini na saba alikuwa akijifunza kuendesha gari. Lakini ya mbali aliyaona bila shida, na haya aliyaona vizuri kuliko alivyotaka.

"Nani kaharibu gari?"

Mwalimu, ambaye ndiye mwenye shule, mwenye ubao, mwenye chaki na mwenye gari, alikuwa mezani akikoroga chai.

"Mama Pindo, usinipandishe presha asubuhi yote hii. Gari lilikuja kwako zima. Sasa linalia kama mbuzi aliyeona kisu. Giaboksi imekwisha, na wewe ndiye uliyelishika kuliko wanafunzi wote."

"Nimelishika wiki tano."

"Wiki tano za kuilalia klachi! Nimekwambia mara ngapi? Mguu! Mguu! Mguu! Mpaka mke wangu analalamika kwamba naukemea mguu ndotoni."

Hilo lilikuwa kweli. Kuilalia klachi, yaani kuuacha mguu ujilaze juu ya pedeli wakati hubadilishi gia, kwa Mwalimu ilikuwa dhambi ya kwanza na ya mwisho. Mwanafunzi angeweza kuparamia mtaro akasamehewa. Akigusa klachi bila sababu, alifokewa mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Wote waliopita pale walimwita Mwalimu Mguu, ila akiwapa mgongo.

"Sikiliza, baba," alisema Mama Pindo, na waliomjua walijua kwamba akianza kumwita mtu baba, huyo mtu ajiandae. "Mguu huu umekanyaga cherehani ya umeme miaka ishirini na sita. Cherehani ya umeme ukiilalia pedeli, sindano haikufokei. Inakushona kidole. Tazama vidole vyangu. Vyote kumi viko hapa. Mimi najua kukanyaga, na najua kuacha."

"Cherehani si gari."

"Na wewe si fundi. Giaboksi umeifungua lini ukajua imekwisha?"

Mwalimu alipuliza chai yake. "Utafanya mtihani ujao. Miezi mitatu si mingi."

Miezi mitatu! Damu ilimpanda Mama Pindo mpaka utosini. Kiwanda cha sare, ambacho kwa miaka kilikuwa kikimpa kola na mapindo ya kushona, kilitaka dereva wa kigari chake cha kusambazia mizigo, na kilimpa mpaka mwisho wa mwezi huu alete leseni. Nafasi yenyewe alishikiwa na wifi yake, mkuu wa stoo, na wifi akikushikia kitu, kila mkikutana anakukumbusha mkono wake ulivyochoka. Bila leseni hakuna kigari, na bila macho hakuna cherehani. Angebaki nyumbani kuhesabu vifungo kwa kupapasa.

"Twende kwa fundi," alisema. "Sasa hivi. Akisema ni mimi, nitafuta na lile wingu la jina langu kwa ulimi."

"Twende. Nilikuwa naenda hata hivyo. Na uendeshe mwenyewe, umpelekee fundi ulichokivunja."

Wakaingia. Gari lile, kama magari ya shule nyingi za udereva, lilikuwa na pedeli mara mbili: za mwanafunzi chini ya usukani na za mwalimu upande wa pili, zimeunganishwa kwa vyuma, huyu akikanyaga zake na zile za mwenzake zinashuka. Mara tu walipoondoka, kelele ikaanza: sauti nyembamba, kavu, ya mkasi butu unaonolewa kwenye jiwe. Mama Pindo alitega sikio. Gia ya kwanza, wimbo ule. Ya pili, wimbo ule. Ya tatu na ya nne, ule ule, ila injini ikikaza mwendo nao unapanda.

"Gia zinabadilika, wimbo haubadiliki," alisema. "Meno ya gia yangekuwa yameliwa, kila gia si ingelia kivyake?"

"Mguu!" alifoka Mwalimu.

"Mguu uko sakafuni!"

"Mbona inalia?"

Mama Pindo aliukaza usukani, maana kutojua kulimwudhi kuliko kusingiziwa.

Fundi wa gari aliitwa Sikio kwa sababu ya bisibisi yake ndefu, ambayo huchomeka ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. Alikuwa mtu mnene, asiye na haraka, mdomo umejaa karanga. Alimsikiliza Mwalimu akieleza habari ya giaboksi, akamsikiliza Mama Pindo akieleza habari ya Mwalimu, kisha akasema, "Shukeni wote. Gari haliwezi kuongea ninyi mkiongea."

Aliingia peke yake, akaweka gia huru, akawasha injini, akakunja miguu yote miwili. Kimya. Injini ilinguruma taratibu, hakuna mkasi wala jiwe. Akagusa klachi kwa ncha ya kiatu. Kelele. Akaachia. Kimya. Akagusa tena, kelele tena.

"Giaboksi haiumwi," alisema. "Ingekuwa beringi ya giaboksi, ingelia nikiwa nimeachia, na nikikanyaga ingenyamaza. Hii ni kinyume. Ni beringi ya klachi. Ni kile kiduara cha chuma kinachosukuma klachi kila ukikanyaga. Ukiachia, kinapumzika. Hiki hakijapumzika siku nyingi. Kuna mtu amekilalia."

"Si nilisema!" Mwalimu aliruka kama aliyeshinda bahati nasibu. "Kuilalia klachi! Nimesema, sikusema?"

"Umesema giaboksi," alimkumbusha Mama Pindo.

"Nimesema mguu!"

Sikio aliinua mabega. "Mama yangu, mimi sijui ya kwenu. Ila beringi hii imeuawa na mguu."

Mama Pindo aliutazama mguu wake wa kushoto. Kwa muda wa kutafuna karanga mbili hivi, alianza kujishuku. Labda mguu umezeeka kama macho, unafanya mambo bila kumwarifu mwenyewe? Akaufungua mlango wa dereva, akainama kuzitazama pedeli, kama anavyotazama koti la mteja kabla ya kulipokea. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa pili, akainama tena. Huko alikaa ameinama muda mrefu.

"Fundi," alisema bila kuinuka, "mteja akiniletea shati, simwulizi anakaaje kazini. Kiwiko kikiwa kimelika, najua anaegemea meza. Goti likiwa limetoboka, najua anapiga magoti. Nguo huchakaa pale mwenyewe anapolalia. Njoo utazame."

Sikio aliinama. Mpira wa klachi ya mwanafunzi ulikuwa na mistari yake yote, na ndani ya mistari vumbi. Mpira wa klachi ya Mwalimu ulikuwa umelika ukawa kipara, unang'aa kama kichwa cha babu aliyetoka kunyolewa.

"Hiyo ni kwa sababu nawaokoa!" alisema Mwalimu. "Ninyi hamjui nimeokoa roho ngapi!"

"Kuokoa ni kwa breki," alisema Sikio. "Na mpira wa breki yako, Mwalimu, bado una harufu ya dukani."

"Mnanionea! Miaka kumi na tisa nafundisha watu kutolalia klachi, leo mimi ndiye—"

"Ingieni," alisema Sikio. "Mama aendeshe. Mimi nitakaa nyuma."

Barabara ya gereji ilikuwa nyoofu na haina watu. Mama Pindo alipofika gia ya tatu, alivua kiatu cha kushoto kwa kukisukuma kwa kisigino, akapandisha mguu juu ya kiti mbele ya macho ya fundi. Kelele iliimba kama kawaida.

"Mguu wangu huu hapa," alisema. "Mwalimu, wako uko wapi?"

"Sijauweka mahali popote!"

"Tazama, baba."

Mwalimu alitazama chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umejilaza juu ya klachi, umetulia kabisa, na yeye akauangalia kama mtu anayemkuta paka wa jirani kitandani kwake. Akauinua. Kelele ikakatika. Gari lilikwenda likinong'ona tu kwa magurudumu, na Mama Pindo alikuwa karibu kutabasamu pale mkasi ulipoanza tena kunolewa.

"Mwalimu," alisema Sikio.

"Nini?"

"Umerudi."

Akauinua tena kwa mikono miwili, akaukunja kitini. "Ni tahadhari," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanafunzi akikosea, niwe tayari."

"Kikulacho kinguoni mwako," alisema Mama Pindo. "Na mimi nguo ndiyo kazi yangu."

Giaboksi ilishushwa kweli, maana beringi ile imejificha nyuma yake, lakini ilirudishwa ile ile, nzima, na kufikia Jumatano gari lilikuwa linapumua kama mtoto aliyelala. Mwalimu aliingia ofisini, akachukua chaki mbele ya wanafunzi sita waliokuwa wakingoja zamu, akasema, "Haya, Mama Pindo, kwa huruma yangu nakurudisha."

"Huruma?" Mama Pindo alisimama. "Uliniandika ubaoni kama mwizi, watu wamesoma siku tatu, wifi yangu kaambiwa sokoni, leo unaniletea huruma? Huruma kampe beringi. Mimi nipe jina langu."

Mwalimu aliandika jina. Kisha akanyanyua kiganja kufuta yale maneno mawili.

"Acha," alisema Mama Pindo. "Maneno ni ya kweli. Yamekosa mwenyewe tu."

Wanafunzi sita walishika midomo. Mwalimu alitazama dirishani, akatazama chaki, akatazama mlango, ambao ulizibwa na Mama Pindo na mkoba wake. Mwishowe, mbele ya "Kaharibu gari," aliandika herufi tatu ndogo kama mshono wa siku ya kwanza: Mwl.

Alhamisi, mtahini aliketi kwenye kiti cha Mwalimu, kofia kichwani, jalada mapajani, uso hauna salamu. Mama Pindo alifunga mkanda, akarekebisha kioo, akawasha injini. Kisha akatega sikio, akageuka, akatazama chini upande wa pili.

"Samahani, afande," alisema. "Mguu."

Mtahini alimtazama. Wiki tano nzima na kazi ya kiwanda vilining'inia pale, kwenye kiatu cheusi kilichopakwa rangi vizuri, kilichojilaza juu ya klachi. Kisha kiatu kikanyanyuka polepole, kikatua sakafuni.

"Ahsante," alisema Mama Pindo, akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi mpaka mwisho.

Jioni, huko stoo, wifi yake aliletewa karatasi ya kufaulu juu ya rundo la kola. Aliisoma, akaanza kusema habari za mkono wake ulivyochoka. Mama Pindo akamwambia aupumzishe, nao usije ukalia kama beringi.