Wifi Alipoacha Kunisema

Watu wote waliopanda basi dogo la chuo Jumamosi ile asubuhi walijua kwamba mama yangu amefariki. Mwalimu alijua, dereva alijua, hata fundi bomba wa kiti cha nyuma, ambaye baada ya miezi sita ya kusoma nasi lugha ya ugenini bado hawezi kuuliza choo kiko wapi, alijua. Mimi, mwenye mama, nilipanda nikilalamikia baridi.

Mama alianguka Ijumaa adhuhuri akianua nguo, wakamfikisha hospitali roho imeshaacha mwili. Kaka yangu mkubwa hakunipigia. Kwetu habari ya namna hiyo haimwendei mwenyewe moja kwa moja. Inapitia kwa mtu aliye karibu naye, amkalishe, amshike mkono. Aliyekuwa karibu nami ni wifi, dada wa mume wangu, tuliyekuja naye kusoma lugha ya watu na kulala chumba kimoja. Kaka akamwagiza afunge mdomo mpaka Jumatatu jioni. Jumatatu asubuhi nilikuwa na mtihani wa kuzungumza, na bila mtihani huo hakuna hospitali ya huku ambayo ingenichukua, na unesi wangu wa miaka tisa ungebaki karatasi tu. "Akijua atavurugika," kaka alimwambia. "Na kuzika hatawahi, hata apande ndege sasa hivi." Wifi akamweleza mwalimu, mwalimu akawaeleza wenzangu, wote wakanyamaza kwa nia njema. Hiyo nia njema yao mpaka leo sijaimeza.

Safari ilikuwa wazo la mwalimu. Siku mbili pwani, tuagize chakula wenyewe, tuulize njia wenyewe, ndimi zilainike kabla ya mtihani. Lakini msimu wa wageni ulikuwa umekwisha. Viti vya plastiki vilifungwa minyororo, maduka yameteremsha milango ya bati, na bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Tulitembea juu ya ule mchanga mgumu na makoti yetu, tukiwauliza njia watu wawili watatu waliokuwa wakitembeza mbwa. Njia yenyewe ilikuwa moja.

Sasa, wifi lazima nimweleze. Mimi na yeye tulipendana kwa kusemana. Siku ya harusi yangu aliniambia gauni ndilo lililonivaa mimi. Nikamjibu kwamba siku ya kugawa pua, yeye na kaka yake walipanga foleni mara mbili. Tangu hapo hatukupumzika. Hajawahi kunipa hata chumvi bila neno la kuisindikiza. Basi asubuhi hiyo alinibebea begi. Akaniachia kiti cha dirishani. Nilipomwagia chai sketi yake, akasema haina neno, itakauka.

Nilishangaa, lakini sikujiuliza sana, maana siku hiyo kila mtu alikuwa mwema. Mezani nilitoa sentensi ambayo mwenyewe niliisikia imepinda, mwalimu akasema, "Vizuri sana," huku anatazama sahani. Mimi nikavimba kichwa. Nikajua lugha imeingia, sasa wananiheshimu. Mtu ukitaka kudanganyika, huhitaji msaada mkubwa.

Saa nane mchana, ambayo kwetu ni saa kumi, nikakuta kibanda kimoja cha aiskrimu kiko wazi. Kula aiskrimu kwenye baridi ile ni wazimu, ndiyo maana nikanunua. Nikampa wifi simu anipige picha, bahari nyuma yangu, mdomo wazi kwa kicheko.

"Shika vizuri, mbona unatazama kando?" nikamwambia. "Au unaogopa uzuri wangu utapasua kioo?"

"Nimeshapiga," akasema, akanirudishia simu akaondoka haraka kwenda kusimama peke yake.

Nikaituma picha kwenye kundi la familia. Nikaandika: Poleni mliobaki nyumbani, mwenzenu nafaidi dunia. Hakuna aliyejibu. Kundi lilikuwa kimya tangu jana yake, nami nikadhani wamechoka na kazi za wiki. Kumbe walikuwa wamefungua kundi jingine, la msiba, wakaniacha nje.

Saa kumi ya huku tulirudi kwenye nyumba ya wageni, chumba chenye vitanda viwili na dirisha lisilofungika. Wifi akainama kunivua viatu. Kunivua viatu, mimi! Hapo nikaanza kushuku. Nikaamua kumjaribu.

"Wifi, nikwambie ukweli," nikasema. "Kaka yako anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Na ukoo wenu mzima hakuna anayejua kupika, mnachemsha tu."

Nikangoja. Mlango huo nilikuwa nimemfungulia wazi kabisa, angeweza kupita na gari.

"Ni kweli, wifi yangu," akasema, kiatu changu bado kiko mkononi mwake. "Pole."

Nikavuta mguu.

"Nani amekufa?"

Akaweka kiatu chini. Nikataja mume wangu, akatikisa kichwa. Nikataja baba, kisha kaka. Akatikisa. Sikutaja tena, maana aliyebaki ni mmoja. Wifi akanikumbatia magoti. Nilimpiga mgongoni kwa ngumi, nilimtukana matusi ambayo si ya utani, naye akapokea yote.

"Wamemzika saa ngapi?" nikauliza baadaye.

"Saa kumi ya kule."

Nikapiga simu. Kaka alipokea, nyuma yake vyombo vikigongana na watu wakiongea.

"Nani kakwambia?"

"Mpe baba simu."

"Baba kajilaza kidogo."

"Kaka, mpe baba simu."

Nikamsikia anatoka nje, akirudisha mlango nyuma yake. "Sikiliza, dada. Tangu jana anauliza mbona hujapiga. Ningesemaje? Nikamwambia unajua. Nikasema umelia sana, ila umesema huwezi kuacha mtihani."

"Halafu?"

"Halafu picha yako ikaingia tukiwa tunafukia. Mtoto wa shangazi akaifungua, mzee yuko pembeni yake. Baba kaiona, kasoma na yale maneno."

Wifi, aliyekuwa ametega sikio, akaninyang'anya simu. "Wewe mwanamume! Mpe mzee simu kabla sijaja kukucharaza na mwiko mbele ya hao wageni wako!"

Tulisikia nyayo, mlango, kikohozi. Kisha baba. Baba huniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeongea na wengi kutwa nzima. "Tumeiona picha. Bahari nzuri. Fanya mtihani wako."

"Baba, sikujua. Wallahi sikujua, hakuna aliyeniambia, baba, mimi..."

"Amesharudisha simu," kaka akasema. "Nitamwambia. Ngoja kwanza watu waondoke."