Ukurasa wa Nne

Uliiona. Usijitie hamnazo. Nyumba ya vyumba vitatu, dari jipya, jiko lenye dirisha pana. Uliiona kwenye simu yako, na katika picha ya mwisho ukaona kandambili za mwanamke zimepangwa mlangoni, miwani juu ya cherehani, kitambaa bado kimebanwa chini ya sindano. Ulijua kuna mtu ndani. Ukapitisha kidole, ukatafuta nyumba yenye maegesho.

Mtu huyo ni shangazi yetu, fundi cherehani, aliyetulea mimi na mdogo wangu. Na programu uliyokuwa unaiangalia, kila kitufe chake kilichorwa na huyo huyo mdogo wangu.

Kazi yake naijua kwa sababu aliifanyia nyumbani kabla ya kuipeleka ofisini. Huchora kurasa kwa penseli kwenye vikaratasi vya ukubwa wa kiganja. Anakupa cha kwanza, anakwambia uza nyumba. Ukibonyeza kitufe cha penseli, anakichomoa kikaratasi na kukuwekea kinachofuata. Ukikunja uso, anaandika. Mshahara wake unatoka hapo: kuondoa kila kinachokunja watu uso.

Shangazi ndiye aliyekuwa mtu wake wa kwanza wa kuvijaribu. Alibonyeza karatasi kwa kidole kilichovaa kastabini.

"Shangazi, fanya kama mimi sipo."

"Hupo vipi, na umenikalia mkasi?"

Mdogo wangu akainuka, akautoa mkasi, akaketi tena. Shangazi alilalamikia herufi ndogo ("mnauza nyumba au mnaificha?"), akasifu picha, akafika mwisho. Nyumba imeuzwa. Akavua miwani.

"Mbona haijaniuliza nani anakaa humu?"

Siku ile ukazaliwa ukurasa wa nne. Juu yake swali: Nani anaishi humu? Muuzaji aandike kila mtu, na kila mtu akubali kwa simu yake mwenyewe, ndipo nyumba iende sokoni. Shangazi aliusoma mara mbili, akarudi kwenye pindo la gauni la mteja bila kusema kitu. Kwake hiyo ni sifa.

Ofisi ya mdogo wangu iko juu ya duka la rangi. Bosi wao walimpa jina la Miguso Mitatu, maana aliapa nyumba itauzwa kwa kugusa simu mara tatu. Waliita wauzaji kumi na wawili kuijaribu programu. Tisa walifika ukurasa wa nne wakaweka simu mezani. Mmoja alisema ngoja kwanza aongee na nyumbani. Hakurudi.

"Watu wanakwama hapa," alisema Miguso Mitatu.

"Hawakwami, bosi. Wanafikiri."

"Ni kitu kile kile."

Mdogo wangu aliutoa. Ningependa kukwambia alilazimishwa, alilia, alitishiwa kufukuzwa. Hapana. Aliwatazama wale tisa wakikunja uso, akaona kazi yake haijaisha. Jioni alinionyesha programu bila ule ukurasa, ikiteleza kama sabuni, nami nikampigia makofi. Nayakumbuka makofi hayo kama ninavyokumbuka mambo mengine ambayo wenzangu wanasema yamepita.

Nakumbuka, kwa mfano, siku hati ya nyumba ilipoandikwa. Babu alikuwa amefariki. Baba yetu alikuwa mbali kikazi. Karani aliuliza, "Mwanamume hapa ni yupi?" Baba mdogo, miaka kumi na tisa, akanyoosha mkono, hati ikaandikwa jina lake. Shangazi alikuwa na ishirini na sita, amembeba bibi mgongoni kutoka kituoni kwa sababu miguu ya bibi ilikuwa imekufa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alibaki katika nyumba ile, akamuuguza bibi mpaka mwisho, akaezua bati bovu, akajenga jiko. Miaka thelathini na moja.

Jumapili moja baba mdogo alikuja na simu. Alisema anataka picha za kumbukumbu. Shangazi akatandika kitanda, akafagia, akafunua mapazia mwanga uingie.

"Dada, sogea kidogo, unanitilia kivuli."

Shangazi akasogea. Akatoka kabisa kwenye picha, akaenda kumchemshia chai.

Nilimfuata baba mdogo nyumbani kwake baadaye kumuuliza aliwezaje kuiuza. Hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu anayeeleza njia ya mkato.

"Mwanangu, ilikuwa rahisi mno. Kuiweka sokoni tu, hata chai haikupoa. Mwambie mdogo wako amefanya kazi nzuri."

Mnunuzi alipatikana wiki ile ile. Shangazi alijua alipomkuta mtu dirishani anapima nondo.

Mdogo wangu alifika mbio. Shangazi alimpa simu, hakupandisha sauti.

"Nionyeshe pa kubonyeza."

Mdogo wangu akatafuta, katika kitu alichokichora mwenyewe. Pa mnunuzi palikuwapo. Pa muuzaji, pa dalali, pa aliyesahau neno la siri. Alirudi mwanzo, akatafuta tena.

"Ile karatasi ya nne iko wapi?"

"Niliitoa, shangazi."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanasimama."

Shangazi akachukua simu yake, akaifuta kwa khanga, akaiweka kwenye droo ya nyuzi.

Tumekwenda kwa Miguso Mitatu: mauzo yamekamilika. Tumekwenda ofisi ya ardhi: jina lako, mama, halimo. Tumekwenda kwa mnunuzi, naye si mtu mbaya, ana watoto, alidhani nyumba ni tupu. Mdogo wangu ameacha kazi, na programu haijatetereka hata kwa saa moja.

Leo gari la kutoa vyombo limeagizwa saa sita mchana. Sasa ni saa tatu. Shangazi yuko ndani, anamalizia gauni la mtu. Mwaka ule walipomtoa fundi viatu wa mtaa wa nyuma tulikaa watu saba mlangoni, wakatunyanyua mmoja mmoja kama magunia. Sikuahidi kwamba safari hii itakuwa tofauti. Lakini mtu wa kumnyanyua anachukua muda, na watu mia wanachukua siku nzima. Weka simu chini. Vaa viatu. Njoo ukae.