Sauti ya Orrin Katika Moshi

Meli ile ya kubebea ndege za vita ilikuwa na watu wa kujaza mji mzima, na Orrin Tollefson hakuwa na hata mmoja wa kuketi naye. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Wisconsin. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Baba alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika, na mtoto akarithi ukimya kama wengine wanavyorithi pua.

Kazi yake ilikuwa kufunga ndege kwa minyororo kwenye sitaha ya juu, zisiserereke meli inapoyumba. Kwenye zile kelele za injini kila mtu aliongea kwa mikono, na hapo alipata nafuu. Taabu ilikuwa wakati wa kula. Wenzake walibanana mezani, wakitaniana na kuoneshana picha za wachumba. Yeye mwisho wa benchi, na viazi vyake.

"We Bubu!" Lonnie Pruitt, kijana wa Alabama aliyelala kitanda cha juu yake, hakuwa akimwacha. "Leo umeongea na nani? Na mnyororo?"

"Mnyororo haujibu," Orrin alisema.

"Lo! Limesema!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Orrin naye akacheka, ila alichelewa. Wenzake walikuwa wameshahamia hadithi nyingine.

Asubuhi moja, mbali kidogo na pwani ya Vietnam, ndege zikiwa zimejazwa mafuta na kufungwa mabomu, bomba la mafuta lilipasuka na cheche ikaliwahi. Moto ulitembea kwenye sitaha kama maji yaliyomwagika. Bomu la kwanza lilipolipuka, chuma kilitoboka, na mafuta yanayowaka yakamiminika chini, kwenye vyumba walimolala watu wa zamu ya usiku.

Orrin alitupwa chini. Alipoinuka, sikio moja halikusikia. Kila mtu alikuwa anakimbilia mbele ya meli, kwenye usalama. Naye akaanza kukimbia, kisha akauona mlango mdogo wa ngazi ya kushukia chumbani kwao. Ulikuwa unatoa moshi mweusi, na hapakuwa na mtu anayetoka.

Alilowesha shati, akalifunga usoni, akashuka.

Chini taa zilikuwa zimezimika. Alisikia watu wakikohoa, wakigongana, wakitambaa kuelekea kule kwenye moto. "Huku!" aliita, sauti ikamezwa na kelele. Akajaribu tena. Ndipo ikamtoka sauti nyingine, ndefu, ile aliyozoea kuitia ng'ombe jioni: "Njoo-o-o! Njooni basi, njoo-o-o!"

"Endelea kuita!" mtu alipiga kelele gizani.

Akaendelea. Kila mkono uliomgusa aliushikisha ngazi, akamsukuma mwenye mkono juu. Wa mwisho alimkamata shingoni.

"Nani wewe?"

"Orrin."

"Bubu?" Alikuwa Lonnie. "Twende juu!"

"Nani amebaki?"

"Castellano. Vitanda vimemwangukia. Mwache, ndugu yangu, moto umeshafika!"

Kutoka ndani ikaja sauti nyembamba: "Msiniache peke yangu!"

"Nakuja," Orrin alijibu. Lonnie alimshika mkono, lakini mkono ulikuwa umelowa jasho, ukamponyoka.

Sakafu ilimchoma kupitia soli za buti. Alipapasa mpaka akampata Castellano, akavuta chuma, akainua kwa bega, akavuta tena. Hakikusogea.

"Nenda," Castellano alisema. "Nenda, rafiki."

"Nimechoka kutembea," Orrin alisema, akaketi kando yake. "Kwenu wapi?"

Castellano alimwambia: mji wa Providence, baba yake mwoka mikate. Orrin akamsimulia habari za ndama mwekundu aliyemvuta tumboni mwa mamaye kwa mikono yake, usiku wa baridi kali, na jinsi alivyomfunika kwa koti la baba bila ruhusa. Castellano alicheka, akakohoa. Orrin alikuwa bado anaongea bomu la pili lilipolipuka juu yao.

Vuli ile Lonnie alikwenda Wisconsin. Mzee Tollefson alimpa kahawa, mkate na siagi, wakakaa jikoni muda mrefu.

"Alikufa peke yake?" mzee akauliza mwishowe.

"Hapana, mzee. Alikuwa na mwenzake. Sisi tulikuwa juu ya ngazi, tukiwasikia wakiongea."

"Orrin? Akiongea?"

"Sana, mzee."

"Alikuwa anasema nini?"

Lonnie alitamani kusema uongo. "Maneno hatukuyashika. Sauti tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Ng'ombe walikuwa wanasubiri kukamuliwa. Akachukua ndoo, akatoka. Lonnie aliosha vikombe viwili, akaketi tena kumngoja. Nje kulianza kuwa giza, na mzee hakuwa na haraka ya kurudi.