Chumvi Isiyo na Sodiamu

Figo zangu zilipogoma, daktari alinikataza chumvi. Mke wangu haambiliki mpaka ajue sababu, tena si ya juujuu. Basi mimi, mwalimu wa kemia niliyezoea kusahihisha hata vibao vya barabarani, nikamfundisha mezani kwa vifuniko vya soda.

"Huyu sodiamu ana elektroni moja ya ziada, inamkera. Klorini kapungukiwa na moja. Huyu anatoa, yule anapokea. Aliyetoa anakuwa na chaji chanya, aliyepokea hasi, basi wanavutana, hawaachani. Ndiyo chumvi. Adui yangu ni sodiamu."

"Kumbe kama sisi," alisema. "Mimi natoa tu, wewe unapokea tu."

"Na hatuachani."

Tulicheka, somo likaishia hapo. Sikufika kwa potasiamu, ambaye naye humpa klorini elektroni yake vilevile, ikawa chumvi vilevile. Figo mbovu haziwezi kumtoa, naye akizidi mwilini husimamisha moyo. Nilikuwa nimechoka, jamani.

Baada ya siku chache supu ikaanza kukolea. Nilidhani ni ndimu. Mke wangu alikuwa ananitazama nikila, anatabasamu peke yake.

Sasa nimelazwa wodini, miguu haina nguvu, moyo unaruka mapigo. Mashine ya kusafisha damu imeharibika, na fundi hajulikani atakuja lini. Asubuhi mke wangu kanitolea kopo mkobani, uso unamng'aa.

"Nilikuficha, Mwalimu. Chumvi isiyo na sodiamu! Nilizunguka maduka yote. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Nikasoma kopo: kloridi ya potasiamu.

Sijafungua mdomo, daktari akaingia na majibu ya damu. "Potasiamu imepanda mno, na dawa haziishushi. Amekula nini?"

Mke wangu akanigeukia, kashangaa.

"Ndizi," nikasema. "Nimekuwa nikiiba ndizi jikoni."

Daktari akatikisa kichwa. "Ndizi zimejaa potasiamu!" Akatoka. Mke wangu alinishukia. "Mroho wewe! Mimi nahangaikia chumvi salama, wewe unakula ndizi kwa siri? Unataka kuniacha na nani?"

"Nisamehe, mama watoto."

Akalia, akanishika mkono. "Ukirudi nyumbani ni supu yangu tu, na chumvi yangu tu."

"Sawa," nikasema. Nikamwomba lile kopo aniachie, nikalisukuma chini ya mto.