Chai ya Kuikala

Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga kikombe cha bati. Ti, ti, ti. Ndani ya kikombe hamkuwa na sukari ya kukoroga. Germaine alijua hivyo akiwa bado kitandani, maana sukari ya posho ilikuwa imekwisha mapema wiki ile. Lakini Léonard alikoroga. Tangu arudi kutoka vitani alikoroga kila alfajiri, taratibu, asimwamshe mtoto.

"Sukali haiko," Germaine alimwambia.

"Najua, Mama Annie. Ninakoroga tu."

Alikuwa ameketi mlangoni, kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe kwa mbao za kasha la maziwa ya kopo. Kantini ilikuwa imelitupa kasha lile nyuma ya jiko. Maandishi ya kiwanda yalibaki kwenye kikalio, yamegeuka juu chini, na Léonard aliyakalia kila siku kabla ya kwenda gwaride.

Kule Misri, alikuwa amesimulia mara nyingi, palikuwa na kantini ya Waingereza ndani ya hema kubwa. Léonard alifika akiwa ameshika kofia mkononi, akazunguka hema lote akitafuta dirisha la watu weusi. Hakuliona. Mama mmoja mzee wa Kizungu, mwenye unga kwenye mikono ya gauni, akamwona anavyozunguka. Alivuta kiti, akakipangusa mchanga kwa kiganja chake, akamwonyesha aketi. Kisha akamletea chai yenye maziwa. Vita yenyewe Léonard aliizungumza kwa shida. Kiti kile alikizungumza kila wiki.

Germaine alizaliwa katika kambi hii hii ya askari ya Élisabethville, katika Kongo ya Wabelgiji. Mama yake alimweleza jinsi posho ilivyogawiwa zamani, baba yake alipokuwa askari wa vita ya kwanza: wanawake walitandaza vitambaa chini uwanjani, mtu wa zamu akapita akimwaga unga, na aliyechelewa kutandaza akaokota wake pamoja na mchanga. Baadaye kikajengwa kibanda cha chumvi na samaki wakavu. Baadaye tena, kantini ya matofali, yenye mlango na dirisha. Mlango ulikuwa wa Wazungu, na ndani mlikuwa na meza, viti vya kusuka, bia na jibini. Dirisha lilikuwa la askari weusi na wake zao. Lilikuwa limewekwa chini, hata mtu mzima akinunua alinunua ameinama. Fundi aliyelijenga hakukosea kipimo. Aliambiwa.

Germaine alifanya kazi humo ndani, akiingilia nyuma. Aliosha vikombe vya maofisa.

Msimamizi wa kantini alikuwa sajeni Mzungu ambaye jina lake halikumshughulisha mtu. Kambi nzima ilimwita Kidole. Kila alipopima samaki wa askari, kidole chake gumba kililala kwenye mizani pamoja na samaki, na wanawake walikilipia kidole kile mwezi baada ya mwezi bila kukila. Vitani hakwenda. Alisema ana goti bovu. Jumamosi jioni goti lile lilicheza dansi mjini, na Jumapili lilipiga magoti kanisani, mstari wa mbele.

Jumamosi moja Léonard alivaa medali yake, akapanga foleni, akainama dirishani.

"Unga?" Kidole aliuliza.

"Hapana, Bwana. Chai."

"Majani?"

"Chai ya kuikala, Bwana. Mu kikombe. Niikale, ninywe, niende. Nitalipa sawa bengine."

Kidole akamgeukia Clément, karani kijana kutoka Kasai aliyeandika hesabu za kantini. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sikia hii makako, hii nyani! Vita imeharibu kichwa yake!" Kisha akatoa kichwa dirishani, foleni nzima isikie. "Viti ya humu ni ya Bazungu. Weye ukitaka kuikala, leta kiti yako ku nyumba!"

Watu wa foleni wakacheka, kwa kuwa Kidole alikuwa anacheka. Clément hakucheka. Alikata kipande cha mkate, akakisukuma chini ya dirisha bila kumtazama mtu, na Léonard akakichukua kwa ajili ya mtoto.

Germaine alikuwa na mikono ndani ya maji ya sabuni, nyuma ya ukuta. Alisikia yote. Wengine walisikia matusi. Yeye alisikia ruhusa.

"Baba Annie," alimwambia mumewe jioni, "alisema ulete kiti."

"Alinicheka."

"Alicheka, lakini alisema. Bantu yote balisikia. Si kila siku banatuambia, neno ya Muzungu haigeuke?"

Léonard akamtazama, kisha akakitazama kiti.

"Na kikombe?"

"Kikombe vilevile utaleta yako. Hatutaki kitu yabo. Tunataka mayi ya moto na fasi ya kuikala."

"Mama Annie, weye uko na akili ya hatari." Lakini alikuwa anatabasamu, na ilikuwa muda mrefu Germaine hajaliona tabasamu lile.

Kesho yake bombani Germaine alimwambia jirani yake Agnès, mke wa Mwape. Agnès hakuwahi kuzuia habari mdomoni mwake tangu azaliwe.

Jumamosi iliyofuata, askari wenzake Léonard waliokwenda Misri walikuja kantini na viti vichwani. Mwape alibeba kigoda cha mkewe cha kusongea ugali, akataniwa njia nzima. "Mwape, uangalie, bukari itakufuata!" Chileshe, mrefu kuliko wote, alileta kiti chenye miguu mitatu, akakiegemeza ukutani kisianguke. Walipanga viti kivulini nje ya kantini, wakaketi, medali vifuani, vikombe magotini. Hakuna aliyepiga kelele. Asubuhi ile Germaine alikuwa amempigia Léonard pasi kaptula, na kabla mumewe hajaondoka na kiti, yeye alikipangusa kwa kiganja. Sasa aliwatazama kutoka mlango wa jikoni. Hakuwahi kuwaona wanaume wa kambi wamependeza hivyo.

Kidole akatoka.

"Ni nini hii?"

Léonard akasimama, akapiga saluti, akaketi tena. "Bwana, ulisema tulete viti. Njo hivi tumeleta."

Uso wa Kidole ukawa mwekundu, kisha mweupe. Mtu kama yeye akibanwa humwita mkubwa wake. Komanda alikuja kutoka mezani na kitambaa cha kulia bado kimening'inia shingoni. Wakati wa vita askari walikuwa wameasi huko Kasai, na tangu hapo komanda aliona uasi hata ndani ya supu.

"Waulize wanataka nini," alimwambia Clément kwa Kifaransa.

Clément akauliza. Léonard akajibu: "Tunataka kuikala ku kantini, mon commandant. Njo ile tu."

"Wanataka kuketi kantini," Clément alifasiri. "Kwenye viti. Wanywe chai."

"Mwongo!" Kidole alidakia. "Mon commandant, nimeishi nchi hii tangu huyu hajavaa suruali. Najua lugha yao. Kuikala ni kuishi! Mtu anaikala Kamalondo, anaikala Kambove. Hawa wanasema wataishi kantini. Wanataka kuiteka!"

"Ni kuketi, mon commandant. Neno ni lilelile, lakini hapa ni kuketi tu, kama vile..."

"Kama vile nani?" komanda aliuliza.

Clément alikuwa na mama mjane na wadogo zake waliokula kwa kalamu yake. Hata hivyo akasema, kwa sauti ndogo, "Ni kuketi."

"Rudi kwenye hesabu zako," komanda alimwambia.

Amri ikatoka: atakayeacha kiti na kwenda nyumbani sasa hivi, atasamehewa. Chileshe alikuwa wa kwanza kusimama. Kiti chake cha miguu mitatu kikaanguka nyuma yake, hakugeuka. Mwape akafuata, kisha wengine, mmoja mmoja, wakitazama chini. Léonard akabaki peke yake katikati ya viti vitupu.

"Wazo hili limetoka kwa nani?"

Germaine akafungua mdomo pale mlangoni. Léonard hakumtazama, lakini aliijua pumzi yake, maana alisema haraka kabla yake: "Ni miye, mon commandant. Miye peke yangu."

Jumatatu asubuhi Kidole alimwamuru Germaine awashe jiko mapema, maofisa watakuja kunywa chai baada ya gwaride. Kuni zilikuwa zimeshapasuliwa. Aliokota ubao wa kwanza, wa pili, na kwenye ubao uliofuata akaona maandishi ya maziwa ya kopo, sasa yanasomeka vizuri, hayakuwa tena juu chini. Mguu wa kigoda cha Agnès ulikuwa chini yake, bado una vumbi la unga.

"Unangoja nini?" Kidole alimuuliza.

Akautia ubao motoni.

Nje, uwanjani, kiboko kilianza. Léonard alikuwa amelazwa kifudifudi mbele ya kambi yote, kaptula aliyopigiwa pasi imeshushwa, na Mwape ndiye aliyeamriwa kumshika miguu. Germaine hakuona. Aliambiwa na Agnès baadaye, Agnès ambaye kwa mara ya kwanza alisema jambo polepole. Germaine mwenyewe alisikia tu. Ofisa kijana alikuwa anahesabu kwa Kifaransa. Katikati akakosea hesabu, akacheka kidogo, akaanza upya.

Maji yakachemka.

Maofisa walipoketi, mmoja alinusa kikombe chake, akalalamika kwamba chai inanuka moshi. Kidole akaomba radhi. "Ni hizi kuni," alisema. "Mbao mbaya sana."

Siku hiyo hiyo Germaine aliambiwa atoke kambini, kwa kuwa mke wa mwasi hali posho ya serikali. Alifunga vitu vyake ndani ya kitambaa kimoja, akambeba Annie mgongoni. Mwape alisimama mlangoni mwake, hakuweza kutoka nje. Langoni Clément alikuwa anamngoja, ameegemea ukuta kama mtu anayepumzika tu. Alimpa kikaratasi kilichosokotwa.

"Ni ya bwana yako, mama."

Ilikuwa sukari, ya posho yake mwenyewe. Kisha akaondoka upesi, kwa sababu Kidole alikuwa anaita.

Katika mtaa wa Kamalondo, shangazi wa Agnès, mke wa fundi cherehani, alimpisha pembe moja nyuma ya mashine. Hakumuuliza atakaa mpaka lini. Alisogeza tu vitambaa, akatandika mkeka, akampa mtoto uji. Germaine alilala huko akisikia cherehani mpaka alipopata ruhusa ya kwenda kwenye gereza la askari, alimofungwa Léonard.

Alibeba chai ndani ya chupa iliyofungwa kwa kitambaa, na kile kikombe cha bati. Mlinzi wa zamu alikuwa Chileshe. Walipoonana, Chileshe alishughulika sana na funguo zake.

"Muyambo, mama."

"Muyambo, Chileshe."

Akamleta Léonard mpaka kwenye nondo. Alikuwa amekonda, na alitembea kwa hatua za mtu anayepita juu ya mayai. Chileshe akatazama huku na huku. Kigoda chake cha ulinzi kilikuwa pale kando. Akakipenyeza kwa mguu mpaka upande wa ndani wa nondo.

"Aikale kidogo," alisema. "Miye sioni kitu." Akawapa mgongo.

Léonard akakitazama kigoda. Akakitazama kwa muda, kama alivyokitazama kiti chake jioni ile nyumbani.

"Aksanti, ndugu yangu," akasema. "Leo hapana."

Germaine akamimina chai. Akatia sukari yote ya kile kikaratasi, akapitisha kikombe kati ya nondo. Léonard akakoroga. Ti, ti, ti. Akaonja, akashtuka.

"Iko na sukali!"

"Ni ya Clément."

"Ule mutoto." Akanywa tena, polepole, bega lake limeegemea ukuta, kigoda kitupu mbele ya miguu yake. "Umuambie Kidole amefurahi bure. Chai yangu ni tamu kupita yake."

"Baba Annie, ile neno ya viti ni miye nilikuambia."

"Nyamaza. Ilikuwa neno muzuri."

"Banasema batakupeleka mbali."

"Banasema. Wapi, hakuna anayesema." Akanywa chai mpaka tone la mwisho, akapangusa kikombe kwa shati lake, akamrudishia. Chileshe alikohoa, bila kugeuka. Muda ulikuwa umekwisha. Léonard akamshika Germaine vidole kupitia nondo.

"Urudi, Mama Annie. Urudi kuniona. Siku ile labda nitaweza kuikala."